Mgonjwa wa Chumba cha Nne

Mgonjwa wa kuigiza hasemi asichoulizwa. Hiyo ndiyo kanuni aliyofundishwa mwanamke huyu siku ya kwanza alipoitwa chuo cha udaktari kuigiza ugonjwa, naye aliishika vizuri kuliko watu wengi wanavyoshika ahadi zao. Aliivunja mara moja tu, kwa mtu mmoja tu.

Kwa kazi alikuwa fundi cherehani. Alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba yake, mlango ukiwa wazi, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni kama mkufu. Lakini mtaani hawakumwita fundi. Walimwita Bi Mgonjwa, kwa sababu kila mwaka, msimu wa mitihani, alifunga duka na kwenda chuoni kuumwa.

"Shikamoo Bi Mgonjwa. Mwaka huu unaumwa nini?"

"Marahaba. Ukishasoma udaktari utaniambia wewe."

Chuoni hapo mwanafunzi haruhusiwi kuvaa joho, wala hapelekwi hospitali kuanza utarajali, ule mwaka wa kutibu watu chini ya macho ya madaktari wakubwa, kabla hajafaulu mtihani wa leseni. Sehemu ya kwanza ya mtihani huo ni ya kuandika. Sehemu ya pili hufanyika vyumbani. Kengele inalia, mwanafunzi anaingia, anamkuta mtu amekaa kitandani anaumwa. Anamhoji, anampima, anasema anachofikiri. Kengele inalia tena, anahamia chumba kinachofuata. Nyuma ya pazia amekaa mtahini, kimya, anatoa alama.

Wale wagonjwa hawaumwi. Ni watu wa kawaida: fundi viatu, mke wa mchungaji, dereva mstaafu. Wiki moja kabla ya mtihani wanafundishwa maradhi yao kwa mdomo na daktari mmoja mama mtu mzima, mkuu wa mitihani, ambaye wanafunzi walimwita Bi Kengele kwa kuwa kengele ilikuwa mkononi mwake na hakuwahi kumwongezea mtu hata punje ya muda. Anawaeleza linaloanza kusemwa, na linalofichwa mpaka liulizwe. "Mficha uchi hazai," alikuwa akiwaambia, "lakini hapa nawalipa mfiche. Kazi ya kufichua ni yao."

Bi Mgonjwa alikuwa hodari wa kuficha. Vijana walimtazama kwa macho ya kuomba, jasho likiwatoka, naye alibaki jiwe. Waliosahau kumuuliza kama anatapika waliondoka bila kujua kwamba anatapika. Wengine walikuja baadaye dukani kumlaumu, nusu kwa utani.

"Bibi, ungenikonyeza tu."

"Ningekukonyeza ungeniandikia dawa ya macho."

Huyo ndiye mwanamke tunayemzungumzia. Hakuwa mtu wa ovyo.

Alimlea mtoto wa marehemu dada yake tangu hajaota meno ya pili. Hakuzaa wa kwake, na kijana yule alikua kama alivyomtaka: mpole, msikivu, mwenye heshima iliyozidi. Majirani walisema kijana yule ana adabu mpaka anakiomba radhi kiti kabla ya kukikalia. Alipochaguliwa kusoma udaktari, walisema wagonjwa watapona kwa salamu zake tu. Bi Mgonjwa alicheka nao. Hakuna aliyejiuliza kama adabu ya aina hiyo inamfaa daktari.

Mwaka wa mwisho kijana alifaulu sehemu ya kuandika kwa alama za juu, akaanguka vyumbani. Chumba kimoja tu. Kanuni ya chuo ni kwamba anayeanguka chumba chochote anarudi kliniki ya aina hiyo kwa miezi kadhaa, anafundishwa upya, kisha anarudia. Akianguka mara ya pili, anarudia mwaka mzima, na wenzake wanavaa majoho yeye akiwa amebeba daftari.

"Umeangushwa na chumba gani?" Bi Mgonjwa alimuuliza. Msimu ule yeye alikuwa ameigiza mzee wa kifua upande mwingine wa jengo, kwa kuwa mwenye ndugu anayetahiniwa hutengwa naye.

"Chumba cha akina mama."

"Ulikosea nini?"

Kijana aliangalia kucha zake. "Mambo ya wanawake, mama mdogo. Tafadhali usiniulize."

Naye hakuuliza. Mwanamke aliyekuwa akiwafundisha nusu ya madaktari wa mji ule namna ya kumhoji mwanamke, nyumbani kwake aliona aibu kumwuliza mtoto wake alishindwa kusema nini. Alimwekea maji ya kuoga, akarudi kwenye cherehani. Lingekuwa jambo la jioni moja kumkalisha na kumwambia: niulize mimi, nami nitakujibu, na hakuna atakayekufa. Hakulifanya.

Mtihani wa kurudia ulipofika, Bi Kengele aliwakusanya wagonjwa wake. "Nani ana ndugu safari hii?"

Bi Mgonjwa alinyosha mkono bila kusita. Akapangwa chumba cha nne, upande wa mashariki, na kijana wake upande wa magharibi. Mpaka hapo alikuwa safi.

Ugonjwa aliopewa ulikuwa huu. Ni mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi. Analalamika uchovu na maumivu ya kiuno. Akiulizwa chakula, anakula kidogo. Akiulizwa usingizi, analala vibaya. Na akiulizwa kama anaona damu, hapo tu, anasema kweli: damu imerudi, miaka mingi baada ya kukoma. "Hilo ndilo swali lenyewe," Bi Kengele aliwaambia. "Asiyeliuliza hajui chochote kuhusu mgonjwa huyu, hata akimpima mpaka kesho. Na kumbukeni: ukimjua anayeingia, nyosha mkono. Mtahini atamtoa, atasubiri chumba kingine mchana. Hakuna ubaya."

Asubuhi ya mtihani bomba la maji lilipasuka upande wa magharibi. Maji yalifurika vyumbani, watahiniwa wakaletwa mashariki kwa haraka, viatu vimelowa, wakachanganywa na wengine. Katika mkanganyiko ule hakuna aliyekumbuka nani ametengwa na nani. Mtahini wa chumba cha nne alikuwa mgeni kutoka hospitali nyingine, hakumjua yeyote wala hakuelezwa lipi linafichwa.

Kengele ikalia. Mlango ukafunguliwa. Kijana wake akaingia.

Alisimama na mkono kwenye kitasa. Walitazamana. Yeye, mdogo, alingoja mkubwa aseme kwanza, kama alivyofundishwa maisha yake yote. Mkubwa alikuwa na mkono wa kulia juu ya goti, na kilichotakiwa ni kuuinua tu.

Hakuuinua. Aliona midomo ya mtoto imekauka. Aliona koti jeupe alilolipiga pasi mwenyewe jana yake. Akafikiri: nikimtoa sasa, atakaa kwenye benchi mpaka mchana akitetemeka, na atakaporudi hatakuwa na akili hata ya kusalimia. Akajiambia kwamba kumwacha ni huruma, na kwamba atamtendea kama mtu mwingine yeyote. Watu wengi huanza kufanya kosa wakiwa na nia ya kuishia katikati.

"Habari ya asubuhi, mama," kijana alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Mimi ni mwanafunzi wa udaktari. Unasumbuliwa na nini?"

"Nimechoka sana, daktari. Na kiuno kinaniuma."

Aliuliza vizuri. Kiuno kinauma tangu lini, kinauma vipi, kinasambaa wapi. Chakula. Usingizi. Kazi gani anafanya. Alimpima presha, akatazama macho yake, akabonyeza tumbo kwa vidole vya mtu anayegusa yai. Kisha akakikunja kipimo cha presha. Alijua lililobaki. Bi Mgonjwa aliliona likimfika mdomoni na kurudi. Mbele yake hakukaa mgonjwa. Alikaa mama aliyemwosha, aliyemfunga vifungo vya shati. Swali lile, kwa mtu yule, lilikuwa kama kumvua nguo.

Akauliza tena kuhusu usingizi.

Nyuma ya pazia kalamu ya mtahini ilikuwa imetulia. Kengele ilikuwa karibu. Na Bi Mgonjwa, aliyekuwa jiwe kwa vijana wa watu, akasema, "Na damu imerudi, daktari. Ilikuwa imekoma zamani."

Kijana aliinamisha kichwa, akashukuru, akaeleza lile linalotakiwa kuelezwa: kwamba lazima apimwe mlango wa kizazi mara moja, kwamba jambo hilo halingojei. Alisema yote kwa usahihi. Kalamu ikaanza kuandika. Kengele ikalia.

Nyumbani jioni ile hawakulitaja. Kijana alikula ametazama sahani. Bi Mgonjwa alijishughulisha na uzi ambao haukuwa umekatika. Wiki zilipita, matokeo yakatoka: amefaulu. Majirani walikuja kumpongeza, wakamtania kwamba sasa ataomba radhi mpaka sindano. Alicheka kidogo, akaingia ndani.

Joho lilikuwa refu mno, hivyo alimsimamisha juu ya kigoda apunguze pindo. Alikuwa amepiga magoti na pini mdomoni kijana aliposema, kutoka juu, bila kumtazama:

"Mama mdogo. Ningeuliza. Kengele ilikuwa bado."

Alitoa pini mdomoni. "Najua ungeuliza."

Wote wawili walijua si kweli. Aliendelea kubana pindo, akamchoma kifundo cha mguu. Aliyeomba radhi ni kijana.

Alipangiwa utarajali katika hospitali ya mji uleule, upande wa wagonjwa wa nje. Wakubwa zake walimsifu kwa kufika mapema. Wagonjwa walimpenda. Wazee, hasa, walimngoja hata kama foleni nyingine ilikuwa fupi, kwa sababu alisimama walipoingia.

Miongoni mwa wateja wa Bi Mgonjwa alikuwamo mwalimu mmoja wa shule ya watoto wadogo, mwanamke mnene mcheshi aliyekuwa anakaribia kustaafu. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, kwa kuwa nusu ya mtaa ulishika penseli mara ya kwanza mbele yake. Kijana yule alikuwa mmoja wao. Alikuja kuagiza gauni la siku ya kuagwa kazini.

"Liache lipumue hapa," alisema akijipiga tumboni. "Nataka nile siku hiyo, si nisimame kama mwiko."

Bi Mgonjwa alimpima, akaandika kwa chaki. Mwalimu aliketi akashika kiuno, akavuta pumzi.

"Umechoka, Mwalimu."

"Uzee huo. Kiuno kinanikata."

"Nenda hospitali. Mwulizie mwanangu. Sema nimekutuma mimi."

Alimtuma mwenyewe. Alisema hivyo kwa fahari, na ni haki isemwe hapa.

Gauni lilichelewa kwa sababu kitambaa cha shingo kilikosekana, kisha shule ikaahirisha sherehe. Miezi ikaenda. Mwalimu aliporudi kujaribu, Bi Mgonjwa alimvisha, akamzungusha, akabaki ameshika kitambaa cha ziada kiunoni kwa ngumi nzima.

"Mwalimu, umejinyima nini?"

"Sijajinyima. Nguo imekua."

"Nguo haikui." Aliirudisha tepu, akapima tena, kisha mara ya tatu, kana kwamba tepu ndiyo yenye kosa. Akauliza polepole, "Ulikwenda kwa mwanangu?"

"Mara nyingi sasa. Mtoto mzuri yule. Ananiletea kiti mwenyewe. Alinipa dawa za kiuno, akaniambia nipumzike, nile vizuri. Damu yangu ilipungua, akanipa vidonge vya kuongeza."

"Alikuuliza kama unaona damu?"

Mwalimu alimtazama kwenye kioo. Kwanza alitaka kucheka. "Mimi? Aniulize mimi mambo hayo? Yule nilimpangusa makamasi. Hawezi, ana adabu yule. Umemlea vizuri."

"Unaiona?"

Kicheko kikazimika. Mwalimu alijifunika kifua kwa mikono, ingawa alikuwa amevaa. "Kidogo," alisema. "Tangu kabla sijaja kupimwa gauni. Nilitaka kumwambia. Nikaona aibu. Nikasema lingekuwa jambo la maana, angeuliza. Yeye ndiye daktari."

Bi Mgonjwa alikaa chini, juu ya vipande vya nguo. Yeye aliujua ugonjwa ule kwa moyo. Alikuwa ameukalia kitandani, chumba cha nne, na jibu lake lilikuwa hilohilo la damu, isipokuwa kwamba yeye alilipwa akarudi nyumbani.

Kesho yake alifunga duka, akampeleka Mwalimu moja kwa moja kwa Bi Kengele, ambaye asubuhi alitibu akina mama kabla ya kwenda kufundisha. Bi Kengele aliuliza swali lile kabla Mwalimu hajakaa sawasawa. Akampima, akamtuma vipimo. Majibu yalipokuja, yalikuwa saratani ya mlango wa kizazi, na ilikuwa imekwisha kutoka ilipoanzia. Kisu kisingesaidia tena. Wangempunguzia maumivu.

Bi Mgonjwa alibaki ofisini mlango ulipofungwa. Alisimama, hakukubali kiti.

"Nina la kusema, daktari. Kijana aliyemtibu ni wangu. Na mtihani ule wa kurudia hakuufaulu yeye. Niliufaulu mimi."

Akaeleza yote: bomba, mlango, mkono uliobaki gotini, maneno aliyoyasema. Hakujitetea kwa bomba. Bi Kengele alisikiliza amevua miwani.

"Ungenyosha mkono," alisema mwishowe.

"Nilimhurumia."

"Ulimhurumia asingoje benchi." Bi Kengele alivaa miwani. "Unajua kwa nini mtihani wa leseni unafanywa kabla ya joho, si baada? Vijana hulalamika kila mwaka. Wanasema tuwaache waanze kazi, watajifunza wodini. Mimi nasema hapana. Nataka mwenye kasoro aioneshe kwako, si kwa mgonjwa. Wewe ndiye mtu pekee wanayeruhusiwa kumwua. Angekuua siku ile, ningemrudisha kliniki kwangu, angekaa ubavuni mwangu, angeuliza swali hilo kwa mama baada ya mama mpaka aibu imwishe. Nimewahi kuwatoa wengine wenye aibu kuliko yake. Ulininyima."

"Mwalimu angeulizwa siku ya kwanza aliyokwenda, angepona?"

"Siwezi kuapa. Lakini wengi wa hatua ile tunawatibu."

Kijana aliitwa. Hakukana. Alisema kwamba alipomwona Mwalimu anaingia alilikumbuka swali, na kila alipokuja alisema moyoni, safari ijayo. Alisema pia kwamba kwa wanawake asiowajua alikuwa ameanza kuliuliza, akiangalia meza. Leseni yake ilisimamishwa, akarudishwa kliniki ya akina mama kufundishwa, na mtihani akaurudia wote, mbele ya mgonjwa asiyemjua. Alifaulu. Safari hii kwa haki.

Kabla ya hapo alikwenda kumwona Mwalimu. Bi Mgonjwa alikwenda naye, akabaki mlangoni. Mwalimu alikuwa amelala, amebaki nusu yake. Kijana alipiga magoti, akaanza maneno ya kuomba msamaha, maneno mengi mazuri. Mwalimu akamkatiza.

"Acha hotuba. Niulize."

"Niulize nini, Mwalimu?"

"Lile."

Kijana alimtazama. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida, akimwangalia usoni, kama ana damu.

"Ninayo," Mwalimu alisema. "Umeona? Sikukupiga."

Bi Mgonjwa aliyasikia akiwa amesimama pale mlangoni, na hakujua afiche wapi uso wake. Akaenda kungoja nje ya geti.

Siku hizi hakuna anayemwita Bi Mgonjwa. Mtaa ulijua, kama mitaa ijuavyo, na watu waliacha utani ule kwa kumstahi, jambo lililomuuma zaidi kuliko kama wangeendelea. Chuo kilimwondoa, na chumba cha nne sasa anakaa mke wa mchungaji. Kijana anafanya kazi mji mwingine. Anatuma salamu, anakuja mara chache, na wanapokaa pamoja huongea habari za hali ya hewa. Gauni lilipunguzwa, kisha likapunguzwa tena, na Mwalimu alilivaa siku ya kuagwa kazini akiwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu. Hakula.

Alifariki kabla shule hazijafungwa. Kwa sababu mwanamke mmoja alijibu asichoulizwa, Mwalimu hakuulizwa alichopaswa kujibu, na muda aliokuwa nao wa kutibiwa ukapita. Hakuwa na mwingine.